Baiskeli ya Shemeji

Watu walimwita Bwana Meno, si kwa kucheka sana, bali kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuunda meno ya bandia, kwenye chumba kimoja nyuma ya kliniki, upande wa pili wa mji. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alipohamia mbali kikazi, alimwachia baiskeli ya milimani aliyokuwa akishindana nayo kwenye mbio. "Itumie, shemeji," alimwambia. "Ila iheshimu."

Akaiheshimu, nayo ikamtesa. Matairi yake mapana yenye magamba yalinguruma kwenye lami kama mashine ya kusaga. Usukani ulikuwa chini mno, akawa anaenda amejikunja kama mtu aliyedondosha sindano. Mvua ikinyesha, tope lilimchora mstari kutoka kiunoni hadi kisogoni, na mkewe akafua mashati huku akiguna. Kisha siku moja meno ya mgonjwa, aliyoyabeba akayang'arishe nyumbani, yakavunjika mkobani kwa mitikisiko, mgonjwa ikabidi arudi kung'ata nta upya ili achukuliwe kipimo kingine. Hapo Bwana Meno akasema basi.

Fundi baiskeli wa mtaani aliizunguka ile baiskeli akitikisa kichwa. "Huyu ni farasi wa mbio. Unataka nimfanye punda?"

"Ndiyo. Ila wasemao afe punda mzigo ufike, mimi simo. Nataka wafike wote wawili."

Fundi akavalisha matairi membamba, laini. Akauinua usukani, akafunga madigadi, taa na kengele. Keria ndiyo iliyowatoa jasho, maana fremu haikuwa na matundu ya kuifungia. Mwishowe ilishikwa kwa vibano, na Bwana Meno akasisitiza viwekewe mpira ndani, rangi isichubuke. Mali ya watu ile.

Mama mkwe, aliyeishi nao, akamshonea mfuko wa sponji wenye vijichumba, kila seti ya meno na chumba chake.

"Ahsante, mama. Umenifaa."

"Nimewafaa wenzangu wasio na meno," alijibu. "Wewe nimekusaidia tu kwa bahati."

Tangu hapo Bwana Meno akawa anafika kazini akipiga mluzi.

Hadi shemeji alipokuja kuwasalimu. Bwana Meno aliisikia sauti yake mlangoni, akakimbilia stoo kuifunika baiskeli kwa shuka. Bure. Chai haijapoa, mgeni akaiulizia.

Shuka ilipotoka, shemeji aliizunguka baiskeli. Akaigusa keria. Akapiga kengele.

"Matairi yako nimeyatunza," Bwana Meno akasema. "Vibano vikitoka, inarudi ilivyokuwa."

Shemeji alishika usukani. Aliitoa nje, akapanda, akatokomea. Bwana Meno akabaki barazani roho mkononi, na mkewe pembeni akimwambia akae, miguu itaota mizizi.

Shemeji aliporudi, alikuwa amempakia mama yake, aliyemkuta njiani akitoka sokoni. Mama amekaa upande kwenye keria, kikapu mapajani, akimkemea mwanawe apunguze mwendo.

"Nimeipanda hii miaka na miaka," shemeji alisema akihema, "na sikuwahi kumpakia mama. Usirudishe hata skrubu moja."

Wakati wa kula, mama mkwe akatangaza kwamba kesho atakuwa amesahau vitunguu, itabidi apelekwe sokoni. Wanaume wawili wakaanza kubishana nani atampeleka. Yeye akaendelea kutafuna taratibu kwa meno yake ya bandia, bila kuwaamua.