Jina Kamili na Kijiji

Mhariri wa barua za wasomaji bado hupitisha kiganja juu ya kila ujumbe kabla ya kuusoma, kama anayenyoosha karatasi, ingawa siku hizi ujumbe huja kwenye kompyuta. Kwa miaka ishirini na sita, hapa Dodoma, hajachapisha barua isiyo na jina kamili na kijiji. "Asiyetaja kwao asimseme mwenzake," husema. Violeth, msimamizi wa ukurasa wa mtandaoni, humtania: "Mzee, huku mtandaoni hakuna mwenyekiti wa kijiji." Naye hutabasamu, akiendelea kuruhusu maoni, moja baada ya jingine, midomo ikitembea anaposoma.

Jumatatu gazeti liliweka mtandaoni picha ya fundi aliyefia karakanani Kizota. Wasomaji waliandika kwamba marehemu alikuwa amelewa. Walitaja majina na makwao, mhariri akawaruhusu. Ukaja ujumbe uliosainiwa "mama yake" tu: "Mwanangu hakuwahi kuonja pombe. Futeni hayo." Aliuzuia, akamjibu kwa adabu yake ya siku zote: "Ndugu msomaji, tunaomba jina kamili na kijiji."

Jibu lilifika Alhamisi. "Paulina Chibago, Buigiri. Nimeshamzika. Matangani watu walikuwa wakisomeana maoni yenu."

Alilisoma mara mbili, safari hii midomo imetulia. Akafuta yale maoni ya ulevi, akaruhusu ya mama. Kisha akauliza, polepole, kama mgeni anayeulizia njia, "Violeth, haya ya mama yanaweza kukaa juu kabisa?"

"Yanaweza, mzee. Ila watu wameshahamia kwenye habari za mpira."