Kura ya Shemeji

Mume wa dada yangu ni Mpemba. Idi iliyopita walikuja kwetu Ujiji, na tukiwa bado tunakula samaki wa migebuka akasema Wazanzibari waulizwe kwa kura. Wakitaka kutoka kwenye Muungano, waachwe watoke.

"Hilo halijadiliwi," kaka yangu alisema.

"Ndiyo maana tunataka kutoka, shemeji. Nyie wabara hamtaki hata tuongee."

"Basi toka. Anza na nyumba hii."

Niliona shemeji ana haki ya kulisema, lakini ile "nyie wabara" mbele ya mama yetu ilinichoma, nikamchukia. Sikumtetea. Dada alinawa mikono, akafunga mizigo, wakahamia gesti huko Katubuka. Mpaka leo simu za dada ni kwa mama tu.