Chuma Begani na Gunia la Ulezi

Naona aibu kusimulia haya, lakini waliokuwepo wanayasimulia vibaya zaidi, kwa hiyo bora niandike mwenyewe, na wenye makosa nitawataja.

Ni miaka ile walanguzi walipoanza kuitwa wafanyabiashara, na kila mtu akawa anasukuma mahindi kwa baiskeli mpaka Milanzi kutafuta bei. Mimi nilianguka na gunia langu mtelemkoni, mtulinga ukavunjika vipande vitatu (ule mfupa wa kutoka shingoni kwenda begani, jina lake nililijulia hospitali). Wakanipeleka Mbeya, wakanipasua, wakaubana mfupa kwa bamba la chuma na skrubu sita. Daktari akaniambia, "Baba, miezi mitatu usibebe kitu, hata ndoo. Chuma kinashikilia tu, kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe." Mimi nalima kwa plau ya ng'ombe, bila mkono wa kulia sina shamba, kwa hiyo nilimsikia vizuri sana.

Wiki ya tano ikaangukia Jumapili ya kutoa mavuno. Kwetu Kasense kila jumuiya huingiza gunia lake kanisani begani kwa mtu mmoja, kwaya ikicheza mbele, na gunia la jumuiya yetu nilikuwa nabeba mimi tangu sijaoa. Mwaka huo nilikaa nje kwenye benchi, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni, nimetulia zangu. Akaja Didasi, kaka wa mke wangu, mkosaji wa kwanza huyo.

"Shemeji, kumbe Mbeya ulifuata chuma ukarudi na kitambaa?"

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mama Kletusi (wa pili huyo), akadakia, "Mwacheni jamani. Tutawaomba wale wafugaji wageni waliohamia juzi watuazime mwanamume."

Wakacheka. Mke wangu akanishika shati, "Baba Oresta, kaa." Mimi nikavua kitambaa nikampa akishike. Uamuzi wenyewe ndio huo, kuvua kitambaa tu.

Wakanitwika bega la kulia, ndilo nililozoea. Mpaka mlangoni nilikuwa mzima, lakini katikati ya kanisa kitu kikalia "ka!" begani kama kuni kavu, nikapiga ukelele wa "Mama" mpaka kwaya ikanyamaza, gunia likaanguka likapasuka, na mnaujua ulezi kwenye sementi iliyosuguliwa, wale akina mama wa kwaya wakaanza kuteleza mmoja baada ya mwingine, katekista akaenda chini na mshumaa wake, na padri akabaki amenyoosha mikono kupokea sadaka iliyokuwa inamfuata yenyewe sakafuni, punje kwa punje. Didasi ndiye aliyecheka wa kwanza, nilimsikia nikiwa chini.

Wakanirudisha Mbeya, daktari akaiangalia picha, skrubu mbili zimeng'oka, bamba limepinda.

"Ulibeba nini?"

"Ulezi."

"Wa nani?"

"Wa Mungu, daktari."

Akaiweka picha mezani. "Yeye alikuona una kitambaa."

Wakanipasua tena, lakini mkono haukurudi, mpaka leo haupiti usawa wa sikio. Plau anashika mke wangu, mimi natangulia kuongoza ng'ombe, na gunia la jumuiya siku hizi anabeba Didasi, anatembea polepole makusudi ili nimwone vizuri. Mimi kila mavuno napeleka bakuli moja la ulezi kwa mkono wa kushoto, na wakiniuliza mbona kidogo, nawajibu ndicho kipimo changu. Gunia sitabeba tena, hata aje Mama Kletusi kuniomba kwa magoti, na hajawahi kuja.