Dakika Saba za Shangazi

Shangazi haandiki meseji. Kuandika anajua, tena vizuri, na herufi kubwa anaweka panapotakiwa. Shida ni mikono. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni mkono wa kulia umeshika pasi ya mvuke, wa kushoto unavuta kola, na wa tatu hakujaliwa. Kwa hiyo anaongea. Simu anaiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo, anabonyeza pale pa kurekodi, anasema, "Jamani, hamjambo humo ndani," na hapo mjue mmeshapakiwa, safari imeanza.

Kwenye grupu la familia wamembatiza jina la Dakika Saba. Mwenyewe analijua na wala halimuumi, maana hizo saba ni za siku aliyojizuia. Na ukisikiliza voisi zake vizuri unapata zaidi ya maneno: pasi inapumua shiii, hanga zinagongana, mteja anauliza kama suruali yake imetoka, na huko nyuma mashine tatu za kufulia zinanguruma kama zina ugomvi wao wa siku nyingi. Shangazi hazimi kitu. Anamjibu mteja, anarudi kwa familia, anamkumbusha mtu kikaratasi chake chenye namba, anarudi tena pale pale alipoachia, hajapoteza hata neno moja. Mtu mwingine angesomea miaka mitatu ili aweze hivyo.

Halafu anavyopenda habari za teknolojia, vijana wote wa ukoo hawamfikii. Sikio moja lina spika yake ndogo muda wote wa kazi, kwa hiyo anajua kuna simu inayokunjika mara tatu kama kitambaa cha mezani, anajua kuna watu wanaongea na kompyuta mpaka wanaionea wivu, na anajua ni paka gani ametazamwa na watu milioni ngapi kwa kosa la kuanguka kwenye kabati.

Sasa Jumatatu moja, wiki ile ya kuelekea likizo, Fundi Mashine alikuja mbele mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Huyu ndiye mwenzake anayeendesha zile mashine tatu, na kwa kawaida hatoki huko nyuma bila sababu. Sababu ilikuwa video. Roboti inakunja shati. Wakaiegemea meza ya pasi wote wawili wakatazama. Roboti ikalinyanyua shati, ikaligeuza, ikaliangalia kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu, ikalilaza, ikafikiri. Dakika nne nzima. Mwisho shati likakunjika, mkono mmoja unaning'inia nje.

Fundi Mashine akasema basi, kazi imeisha, yeye anakwenda kufuga kuku. Shangazi akavuta shati kwenye rundo, akalikunja huku macho yake yako kwa Fundi, shati lenyewe hata halitazami, akamwekea juu ya simu yake likiwa limenyooka kama bahasha. Akamwambia huyo roboti aje siku wana koti la bwana harusi lenye shanga, ndipo wataongea kikubwa. Kisha wakashuka kwenye maoni ya watu, maana utamu wa video uko huko chini, wakakuta mwanamke mmoja ameandika kwamba hata mume wake hukunja nguo hivyo hivyo, tena pakiwa na wageni tu. Walicheka mpaka meneja akatoa kichwa ofisini.

Lakini kichwani kwa Shangazi wiki ile kulikuwa na jambo moja kubwa kuliko roboti. Mdogo wake wa kiume, mpima ardhi, mtu anayepanga mambo ya ukoo mzima kwa rula, alikuwa amepata nyumba ya mapumziko yenye bwawa la kuogelea. Jumamosi na Jumapili, familia yote. Alikuwa ameandika kwenye grupu kwamba kila anayekuja aseme kabla ya Jumanne jioni kwa sababu vitanda havitoshi watu wa kukurupuka. Shangazi hakuwa amepumzika kwa miaka mitatu. Aliomba ruhusa kwa meneja, akabadilishana zamu, akanunua vazi la kuogelea la bluu lenye maua. Vazi la kuogelea halipigwi pasi, na hilo yeye analijua kuliko mtu yeyote mjini, lakini alilipitishia mvuke kwa mbali, kwa heshima tu.

Jumanne saa nane mchana akatuma voisi yake. Alianza na roboti, bila shaka. Akaenda kwa yule mke na mume wake wa wageni. Dakika ya nne akaingia mteja mmoja mwalimu, anaulizia suti yake, na Shangazi akamjibu pale pale simu ikiwa inarekodi, kwamba Jumamosi na Jumapili yeye hatakuwepo, asimtegemee, amuulize Fundi. Akarudi kwa familia, akapita kwa paka, na dakika ya sita akafika kwenye jambo lenyewe: anakuja, alale popote watakapomweka, hata sakafuni, mradi awasikie wote wakikoroma nyumba moja. Akatuma.

Majibu yalianza kuingia baada ya dakika mbili. Voisi ni ya dakika saba, majibu ni ya dakika mbili, ila nani anapiga hesabu hizo akiwa na furaha? Zilikuja stika, zote za machozi. Na kama unavyojua, kuna kile kiuso cha njano kinacholia kwa kucheka, na kuna kile kinacholia kwa kulia, na bila miwani hao ni pacha. Miwani ya Shangazi hushika ukungu kwa mvuke, kwa hiyo mchana huning'inia kifuani. Yeye aliona machozi, akajua roboti amewavunja mbavu. Alifurahi mpaka jioni.

Alhamisi asubuhi mdogo wake akaweka orodha ya vyumba. Safari hii Shangazi alivaa miwani. Chumba cha kwanza, nani na nani. Cha pili, nani na nani. Sebuleni, magodoro matatu, majina matatu, na mmojawapo alikuwa rafiki tu wa mtoto wa mtu, hata ukoo hayumo. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Hayupo.

Siku hiyo hapakuwa na "jamani, hamjambo humo ndani." Fundi Mashine ndiye aliyeugundua ukimya huo kwanza, akaja mbele kuuliza. Shangazi akasema ni koo. Fundi akarudi nyuma, akakaa kidogo, akaja tena na kuuliza upya, taratibu, na hapo ndipo akaambiwa. Ushauri wake ulikuwa mfupi: piga simu, uliza. Shangazi akatikisa kichwa. Watu wamehesabu vitanda, wamefika kwenye jina lake, wameruka. Aende sasa kuomba? Alimwambia Fundi kwamba labda wamemchoka, ndiyo maana, mtu akiongea sana huchosha, na akalisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyosema doa fulani halitoki.

Jioni, akiwa nyumbani, alipandisha mazungumzo ya grupu juu, juu, mpaka miezi ya nyuma. Chini ya kila voisi yake kulikuwa na kidole gumba. Moyo mwekundu. Viganja vinapiga makofi. Alitafuta mahali ambapo mtu alimuuliza, "Halafu ikawaje?" Hakupaona.

Ijumaa mchana akaja mtoto wa mdogo wake, binti wa kidato cha tatu, kuchukua mashati ya baba yake ya safari. Huyu kwa kawaida huingia akiwa ameshaanza kucheka kuanzia mlangoni. Siku hiyo aliingia polepole, akasalimia, akasimama akizungusha kamba ya begi kwenye kidole.

"Shangazi, kweli huji?"

Pasi ikasimama. "Nani amesema siji?"

"Wewe. Jumanne."

Shangazi akaiweka pasi kwenye kitako chake, akafuta mikono, akamwambia mtoto amwonyeshe hayo maneno. Binti akatoa simu, akatafuta ile voisi, na chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya maandishi. Akaisoma kwa sauti: "Shangazi anazungumzia roboti anayekunja nguo. Anasema Jumamosi na Jumapili hatakuwepo na asitegemewe. Anashauri aulizwe Fundi."

"Baba alidhani ni fundi wa bwawa," akaongeza.

Huko nyuma Fundi Mashine aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi, hakuna aliyedanganyika.

Shangazi akauliza hayo maandishi yametoka wapi. Mtoto akaanza kueleza, na mwanzoni alieleza kwa fahari: ni muhtasari, umekuja na toleo jipya, simu inakusikilizia wewe unasoma tu, sekunde tano umemaliza. Kufika kwenye "umemaliza" sauti ikampungua, maana alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Na wanaotumia hiyo ni nani?"

Binti akaizungusha tena kamba ya begi.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Wote, Shangazi. Mimi ndiye niliyewawekea."

"Tangu lini?"

"Tangu shule zifungue muhula huu."

Shangazi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alivuta hanga, akavisha shati la mdogo wake, akafunga kifungo cha juu, kisha akamwambia mtoto amsomee nyingine. Yoyote. Binti akapandisha juu, akasoma ya mwezi uliopita, akiharakisha ili iishe: "Shangazi anasimulia kuhusu marehemu bibi na kiatu kimoja." Akainua uso. "Kiatu gani?"

"Dakika tisa nilikisimulia hicho kiatu," Shangazi akasema. "Nililia humo ndani."

Binti alibaki na simu mkononi. Kisha, bila kuambiwa, akatafuta zile spika ndogo kwenye begi, akazichomeka masikioni, akakaa juu ya furushi la mashuka ya hoteli, akabonyeza. Shangazi akarudi kwenye pasi, lakini nguo aliyokuwa akiinyoosha ilishanyooka zamani. Alikuwa anamtazama mtoto. Alimwona anatabasamu dakika ya pili, anaziba mdomo dakika ya tatu, na dakika ya sita anaacha kutabasamu.

Sebuleni kwa mdogo wake kuna picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: kiti kitupu, na mbele ya kiti, kiatu kimoja cha kike. Binti ameiona tangu azaliwe. Alidhani ni picha ya kununua, ya mapambo. Kumbe ni siku mpiga picha alipokuja kwa mara ya kwanza mtaani kwa akina bibi. Bibi alikuwa msichana wa umri wa binti huyu huyu, amekalishwa, amepangwa, mpiga picha akajaribu taa yake kwanza. Taa ikalipuka pwaa, Bibi akaruka ukuta, kiatu kikabaki. Mpiga picha, kwa hasira, akapiga kilichobaki. Na picha nyingine ya Bibi akiwa msichana haikuwahi kupigwa. Sura yake ya ujana hakuna anayeijua. Kipo kiatu.

Binti akatoa spika masikioni. "Ile picha ni ya Bibi," akasema.

"Ni ya Bibi asiyekuwepo."

Mtoto akanyanyuka, akasema aje, Shangazi aje kesho, walale kitanda kimoja. Shangazi akamkumbusha kwamba yeye hupiga mateke usingizini kama anaogelea. Mtoto akasema atajifunga miguu na taulo. Hapo Shangazi alicheka, kidogo tu, ila kicheko kikishatoka hakirudishwi ndani.

Akachukua simu, akaishika mkononi safari hii, akabonyeza pa kurekodi. "Nilisema nakuja. Rudini mkasikilize." Akatuma. Sekunde nne.

Haikufika dakika moja simu ikalia. Tangu hilo grupu lifunguliwe Shangazi hajawahi kutuma voisi ya sekunde nne, na mpima ardhi alikuwa ameshavaa viatu.

"Dada, kuna nini? Nani anaumwa?"

"Umeisikiliza mwenyewe, au umesomewa?"

"Nimeisikiliza mwenyewe. Dada, ungesema tu kama unakuja."

"Nilisema. Dakika ya sita."

Ilisikika kalamu ikiwekwa mezani. Kisha mdogo wake akasema, polepole kuliko anavyoongea siku zote, kwamba orodha ataifumua yote usiku huo huo, na kwamba anaomba radhi, na si kwa kitanda peke yake.

Shangazi angeweza kukata simu hapo akiwa mshindi, na mtu mwingine angekata. Yeye aliitia kwenye spika, akaiegemeza kwenye chupa ya maji, akachukua shati la pili la huyo huyo mdogo wake, akaanza kumweleza Alhamisi yake ilivyokuwa. Alimweleza alivyosoma orodha mara mbili, Fundi alivyomjia na maswali, yeye alivyosingizia koo na akaletewa dawa ya kikohozi ikabidi ainywe. Na kwamba mchana, akili ikiwa haipo, aliunguza foronya, yeye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alama ya pasi imekaa pale katikati kama muhuri.

Akanyamaza kidogo, kusikiliza kama kuna mtu bado.

"Uliiunguza?" mdogo wake akauliza. "Foronya ya nani, dada?"

Shangazi akaizima pasi ukutani, akavuta kiti, akakaa. Binti akarudi juu ya furushi lake la mashuka, na huko nyuma Fundi Mashine akapunguza mashine moja ili naye asikie, maana mwenye foronya ana mambo yake, na ilibidi Shangazi aanzie mbali.