Siku Kumi na Tisa za Kukandwa

Kwa siku kumi na tisa shangazi wa mume wangu alinikanda tumbo akiamini nimepoteza mtoto. Hapakuwa na mtoto. Kilichotolewa tumboni mwangu ni mafuta, yaliyonyonywa kwa mrija katika hospitali ndogo ya Bombei, kwa hiari yangu, nikiwa mzima wa afya.

Naanza na hilo kwa sababu nimewahi kujaribu kuisimulia habari hii mara mbili, na mara zote nilianza na mambo mengine, nikaishia kabla sijalifikia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Tuliishi Kinondoni, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu, wote wa kiume. Mume wangu alikuwa ameacha ukarani bandarini, akaingia kwenye biashara ya vitambaa, mwezi huu Dubai, mwezi ujao Bombei. Maduka ya Kariakoo, ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu, yalikuwa yamejaa magauni ya kubana yaliyoshonwa kwa ajili ya wanawake wembamba. Nilikuwa nikiyashika, nikiyapima kwa macho, nikiyarudisha kwenye henga.

Tumbo langu lilikuwa na historia, na aliyeijua vizuri ni shangazi. Alikuwa mjane, akiishi Temeke. Mama yangu alikuwa mbali, Tabora, kwa hiyo nilipoolewa yeye ndiye aliyekuwa kungwi wangu, na ndiye aliyenilea katika uzazi wote watatu. Alikuja na sufuria lake, taulo mbili na chupa ya mafuta ya nazi. Akishamaliza kunikanda kwa maji ya moto alinifunga mkaja, kitambaa kirefu cha marekani alichokizungusha tumboni huku akikaza kwa goti lake mgongoni kwangu. Nilitakiwa kukaa nao hadi arobaini. Uzazi wa kwanza na wa pili nilitii. Wa tatu uliangukia kwenye joto la Februari, na mkaja ulikuwa unanichoma. Niliufungua kila alipotoka mlangoni, nikauficha chini ya godoro, nikaufunga tena niliposikia sauti yake uani. Hakuwahi kunifumania. Tumbo halikurudi.

Miaka minne baadaye, kwenye harusi Magomeni, mwanamke nisiyemjua aliinuka akanipisha kiti.

"Kaa, mama. Hali yako hiyo si ya kusimama."

Shangazi alikuwa ubavuni kwangu. Alinitazama tumboni, akaninong'oneza, "Wa nne huyo? Na mie hujaniambia?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini wanawake sita au saba walikuwa wamegeuka kunisikiliza, na jibu la kweli lilikuwa kwamba hilo ni tumbo tu. Nilicheka. Kisha nikaketi kwenye kile kiti.

Wiki tano baada ya harusi nilipanda ndege na mume wangu. Yeye alikuwa anafuata vitambaa. Mimi nilikuwa na anwani ya hospitali niliyoikata kwenye jarida la mitindo lililoachwa ofisini nilikofanya kazi. Hakunishawishi wala hakunikataza. Aliuliza tu kama inauma.

Ilivyouma siyo habari ya kuandika hapa, kwa sababu niliyataka mwenyewe maumivu hayo. Kinachohusika ni kile muuguzi alichonifunza siku ya kutoka. Alisema chini ya ngozi kumebaki maji, na hayatatoka yenyewe. Nikandwe kila asubuhi kwa wiki tatu, kwa mkono mwepesi. Alinipa karatasi yenye mchoro wa mwili wa mwanamke uliojaa mishale, mingine ikishuka kutoka kitovuni hadi kinenani, mingine ikipanda kutoka mbavuni hadi kwapani. Akanionyesha kwenye mkono wangu jinsi ya kugusa, kama mtu anayenyoosha shuka bila kutaka kumwamsha aliyelala chini yake. Halafu akanivalisha nguo ya mpira ya kubana, yenye kulabu za chuma kuanzia kifuani hadi mapajani.

Mume wangu aliwaambia ndugu zake maneno machache: nimepasuliwa tumbo, naendelea vizuri. Yalikuwa kweli. Waliosikia walijaza yaliyobaki. Nimeondoka na tumbo, nimerudi bila tumbo, na nimepasuliwa.

Shangazi alifika asubuhi ya pili, bila kuitwa, na sufuria lake. Nilimwamkia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Mungu atakupa mwingine."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akasema anakwenda kuwaangalia watoto. Siku mbili baadaye alisafiri.

"Ahsante, shangazi," nilisema.

Siku hiyo alinikanda kama alivyozoea, kwa taulo la moto na kiganja kizima. Nilipiga kelele. Alinisihi nivumilie, damu mbaya itoke. Kufikia alasiri tumbo lilikuwa limevimba na kung'aa kama ngozi ya ngoma. Kesho yake nililazimika kuitoa ile karatasi.

Aliigeuza huku na huku. "Huyu daktari wenu anakanda au anapangusa meza?"

"Ndivyo walivyosema, shangazi. Polepole tu, bila maji ya moto."

"Mie nimekanda wazazi tangu mkoloni yupo. Sijapata kuona tumbo la kupapasapapasa."

Hata hivyo alijaribu. Alipaka mafuta kidogo kwenye ncha za vidole, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifanya kazi bila kuongea. Siku ya tatu alikuwa haitazami tena karatasi. Alitafuta maji kwa vidole, akayapata. "Yapo hapa. Yanajificha," alisema, akayasukuma taratibu kuelekea kinenani, kwenye mitoki, pale panapovimba mtu akiwa na jeraha mguuni. Siku ya tano alisema aliyechora mishale amekosea. Kabla ya kuyafukuza maji, uamshe kwanza mitoki kule yanakokwenda, maana huwezi kumswaga mtu kwenye mlango uliofungwa. Akawa anaanzia mwisho wa mshale, ndipo anarudi mwanzo. Uvimbe ulianza kushuka siku hiyo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndivyo wanavyofundishwa watu wanaosomea kazi hiyo.

Ile nguo ya mpira ilimchekesha. Alihesabu kulabu zake moja moja akinifunga.

"Mkaja wa Kihindi huu. Huu hata ukitaka kuuficha chini ya godoro, hutauweza."

Nilihisi masikio yakiwaka. Alikuwa ameinama kwenye kulabu za mwisho, sikuuona uso wake.

Maswali yake hayakuja kwa mkupuo. Yalikuja mikono ikiwa kazini, nami nimelala chali. Siku ya tatu aliuliza, "Maziwa yamekuja?"

"Hayajaja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Huwa yanakuja," alisema. "Hata asipokuwepo wa kuyanyonya."

Siku ya nne aliuliza kuhusu vidonda. Nilikuwa na vinne, kila kimoja kama punje ya hindi, viwili kinenani na viwili kiunoni nyuma. Alivigusa pembeni kwa kidole kimoja.

"Ndimo alimotokea humu?"

"Huko wanatumia mashine, shangazi."

"Mashine," alisema, akaendelea.

Siku ya sita ilikuwa Ijumaa. Jirani alikuwa ameleta uji wa pilipili manga, akaketi kidogo, akanipa pole na kuondoka. Shangazi alisubiri mlango ufungwe. Wakati huu hakuwa amenishika. Alikuwa anafuta mikono kwa kanga yake.

"Alikuwa na miezi mingapi?"

Nilikuwa nimeshahesabu kabla hajauliza. "Mitano."

"Basi alishapuliziwa roho. Walimsitiri wapi?"

"Hukohuko. Hospitali ndiyo iliyoshughulika."

"Kwa Kiislamu?"

"Sijui, shangazi."

Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa mume wake. Alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ileile ya kanga yenye mafuta. Kisha akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

Hadi hapo nilikuwa nimenyamaza zaidi ya kusema. Miezi mitano ilitokana na kile kiti cha Magomeni. Maneno ya hospitali yalikuwa yameponyoka. Lakini swali hili ningeweza kulijibu kwamba sikuambiwa. Nilisema, "Wa kike." Nilisema hivyo kwa sababu nina watoto wa kiume watatu, na kwa kitambo kifupi, nikiwa nimelala pale na tumbo linaloniwasha, nilimwona.

"Mtoto aliyepuliziwa roho anastahili jina," alisema shangazi. Akampa la mama yake mzazi. Lilikuwa jina ambalo ukoo mzima ulikuwa unaliwekea mtoto wa kike wa kwanza atakayezaliwa.

Siku zilizofuata alikuja kwa saa ileile. Alisoma dua kabla ya kunigusa na baada ya kumaliza, na katika dua alilitaja jina. Kila asubuhi nilipanga kumwambia. Nilikuwa hata nimeandaa sentensi ya kwanza: Shangazi, kuna jambo sikukueleza. Niliijaribu peke yangu bafuni. Alipofika na kuanza kutafuta maji kwa vidole vyake, na mwili ukawa unapata nafuu, sentensi ilikwama. Ukweli ni kwamba nilihitaji mikono yake. Hapakuwa na mtu mwingine Dar es Salaam nzima niliyejua angeweza kazi ile, nami niliogopa kwamba nikisema, atachukua sufuria lake arudi Temeke, na uvimbe utabaki.

Siku ya kumi na nane alinigeuza ubavu. Maji yalikuwa yamebaki kidogo tu, kiunoni nyuma, pale ambapo napo walikuwa wamenyonya. Alikuwa anapitisha vidole juu ya nyama ngumu iliyobaki chini ya ngozi.

"Na huku nako mtoto alikuwa amekaa?"

Aliuliza kwa kicheko kifupi, kama mtu anayemtania mzazi. Mkono wake haukusimama wala haukubadilika uzito. Alipomaliza hapo alisema nigeukie upande wa pili.

Kesho yake, siku ya kumi na tisa, alinifunga kulabu kwa mara ya mwisho, akarudi nyuma hatua mbili kunitazama.

"Limerudi. Kama la msichana. Safari hii usifungue mapema."

Akaondoka na sufuria lake. Gauni la kubana nililivaa mara moja, Idi ile, nikalivua kabla ya wageni kufika.

Mwaka mmoja baadaye wifi yangu alijifungua mtoto wa kike. Tulikuwa sebuleni kwa shangazi, Temeke, watu wa ndani tu. Wifi alisema anataka kumpa mtoto jina la bibi, kama ilivyopangwa.

"Jina hilo lina mwenyewe," alisema shangazi.

Wifi alinitazama, akainamisha kichwa. "Samahani, wifi. Nilisahau."

Shangazi pia alinitazama. Alinitazama kwa muda, na nadhani ulitosha kwa mtu kusema neno. Nilimchukua mtoto kutoka kwa mama yake, nikamsifia nywele. Alipewa jina jingine. Sasa ni mwanamke mzima na hajui.

Kila Shaabani ukoo ulikutana kwa shangazi kuwarehemu wazee. Alikuwa na daftari la majina ya marehemu wote, aliloliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, na mwalimu wa madrasa alilisoma kwa sauti. Tangu mwaka ule jina la mtoto wangu lilisomwa. Watu waliitika amin. Wifi zangu walinipa jicho la huruma, nami nililipokea kila mwaka.

Shangazi amefariki. Daftari nimeletewa mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa kati ya wake wa nyumba ile, na kwa kuwa nilisoma chuo cha Kurani Tabora utotoni, herufi hizo nazijua. Karatasi zimechakaa kwenye mkunjo. Inabidi ninakili upya.

Nilipolifungua ndipo nilipoona kitu ambacho mwalimu, akisoma kwa sauti, asingekitaja. Majina yote yameandikwa kwa wino. La mtoto wangu limeandikwa kwa penseli. Nilifikiri labda kalamu ilimwishia. Lakini jina lililotangulia ni la wino, na linalofuata, la mzee mmoja aliyefariki mwezi uleule, nalo ni la wino. Penseli haikufifia, kwa hiyo inawezekana alikuwa akiipitia tena kila mwaka. Inawezekana pia kwamba daftari halikuguswa mara nyingi. Nimeutazama ukurasa huo mchana, dirishani, nikauinamisha kwenye mwanga. Hakuna alama ya kufutwa.

Mume wangu nilimwonyesha. "Liandike tu," alisema. "Ukiliacha wataulizana."

Nimenakili majina thelathini na nane kwa wino mweusi. La thelathini na tisa ni la mtoto wangu. Shaabani inaingia wiki ijayo, na mstari huo bado ni mtupu.