Dereva wa Treni Kwenye Kisiwa Kisicho na Reli

Magharibi mwa Toronto kuna kiwanda cha chokoleti, na siku ambazo upepo unavuma kutoka upande ule, harufu ya kakao inayokaangwa hunifuata mpaka kituo cha basi. Wenzangu wanaosubiri basi huivuta kwa raha huku wakipigapiga miguu chini kwa baridi, na husema inanukia kama keki. Mimi hainiletei keki. Inaniletea uchachu wa kakao mbichi iliyoanikwa, jua la saa nane mchana, na baba yangu akiwa miguu mitupu, anaburuza nyayo katikati ya mbegu kama mtu anayejifunza ngoma ya kabila lisilo lake.

Niwaeleze tulifikaje huko. Sisi ni watu wa Tanga. Mama alikuwa muuguzi, na Baba alikuwa dereva wa treni, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Reli ilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Muda si mrefu Mama akapata mkataba wa kwenda kufanya kazi Grenada, kisiwa kidogo cha Karibi ambacho mtaani kwetu hakuna aliyewahi kukisikia. Bibi aliwatangazia majirani kwamba tunahamia Komoro, kwa kuwa hicho ndicho kisiwa cha mbali alichokijua. Nilikuwa na miaka saba.

Tulipewa nyumba ya mbao yenye bati jekundu, juu ya kilima, na mvua ikinyesha hatukuweza kusikilizana. Tulidhani tumekwenda ugenini, kumbe vitu vingi vilikuwa vimetutangulia. Kungumanga zilianguka zenyewe kando ya njia. Mdalasini uliuzwa barabarani. Siku ya kwanza sokoni Mama aliliona shelisheli, akalikumbatia kifuani kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituo cha polisi. Na watu wa kule walikuwa na adabu ya Kitanga hasa: ukiingia dukani bila kusalimu, utasemwa mpaka jioni.

Jirani yetu alikuwa mjane aliyefuga kuku na kujua habari za kila nyumba. Kule mwanamke mtu mzima huitwa Misi, nasi tukamwita Misi Enid. Wiki ile ile ya kwanza aliegemea ukuta wetu akamwuliza Mama, "Na mumeo, anafanya kazi gani?"

"Ni dereva wa treni," Mama akajibu.

Misi Enid alicheka hata akashika ukuta kwa mikono miwili. "Treni! Mwanangu, hapa ukiiwasha treni asubuhi, kabla chai haijapoa umeshatumbukia baharini."

Baba alicheka pia. Nakumbuka ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko sote.

Basi Mama akawa anaondoka alfajiri na sare yake nyeupe, mimi nikabaki na Baba, na sijawahi kumpata Baba namna ile, si kabla wala baada. Alinichana nywele, vibaya. Alinikaangia ndizi. Kisha tuliteremka kilima kwenda shule, na njia nzima aliigeuza kuwa reli ya kwetu. Duka la mkate lilikuwa Muheza. Daraja dogo lilikuwa Korogwe, na hapo ilikuwa lazima tusimame kidogo, abiria wanunue machungwa. Kanisa lilikuwa Mombo. Shule yenyewe, yenye ngazi za saruji na ua wenye maua mekundu, ilikuwa Moshi, mwisho wa safari. Yeye alikuwa injini, mimi nilikuwa honi. Watoto wenzangu walipoona, wakaanza kutusubiri Korogwe ili wadandie. Nikimwambia tumechelewa, alijibu, "Treni haichelewi, mwanangu. Abiria ndio huwahi."

Jioni Mama alirudi, na Baba alimpokea mkoba mlangoni. "Pole na kazi," alimwambia. "Nimeshapoa," Mama alijibu. Kwetu mtu anayesema pole na kazi naye husubiri kuambiwa vile vile. Mama alikuwa akifungua mdomo, kisha akaufunga na kuuliza kama kuna maji ya kuoga. Niliona, lakini sikujua nilichokiona.

Kuna asubuhi moja Baba alivaa suruali yake ya kitambaa na viatu vyeusi vya safari. Alinichana nywele taratibu sana, na kwa mara ya kwanza zikatoka sawasawa. Nilifurahi, nikadhani amependeza kwa ajili yangu. Njiani hatukusimama Korogwe. Tulipofika Moshi alichutama mbele yangu, akanifunga kifungo cha kola, akasema, "Usome sana, Mwanaidi." Halafu akapanda tena kilima, na mimi nikapiga honi peke yangu.

Mchana wazazi walikuja, watoto wakaisha mmoja mmoja. Mvua ikashuka. Nilikaa kwenye ngazi chini ya kibaraza pamoja na mama mfagiaji, aliyenipa nusu ya mkate wake. Mwalimu alitoka mara kadhaa kuangalia barabara, mwishowe akasema ngoja apige simu hospitali. Ndipo nikamwona Baba. Alikuwa anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia, mtu mzito yule. Alikuja amelowa chapachapa, na viatu vyake vizuri vilikuwa vinapiga kelele kama bata, begi mkononi. Nilicheka sana.

"Baba, leo treni imechelewa," nikasema, nikisubiri jibu lake.

Hakulitoa. Alikaa chini kwenye ngazi, penye maji, akashika mguu wangu na kunifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nimechelewa," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

"Begi la nini?"

Alilitazama kana kwamba mtu mwingine amelisahau pale. "Nilikwenda kutafuta kazi."

Kwangu lilikuwa jibu kamili. Tulipanda kilima nikipiga honi kwa nguvu zote, mvua inatunyeshea, naye akawa injini hadi mlangoni. Mama alikuwa ameshafika, bado yumo ndani ya sare. Alimpa taulo, akapakua wali, na finyango kubwa kuliko zote akaiweka kwenye sahani ya Baba.

Kesho yake nilimweleza Misi Enid, kuku wake wakitudonoa miguuni, kwamba baba yangu alitembea na begi mchana kutwa kutafuta kazi, masikini, na hakupata. Misi Enid aliacha kumwaga mahindi. Alinitazama, akatazama nyumba yetu, hakucheka. Jioni alikuja kubisha hodi akiwa amevaa kofia ya kanisani.

"Kaka yangu ni msimamizi kwenye shamba la kakao," alimwambia Baba. "Anahitaji mtu. Mshahara ni mdogo, lakini kuna kitu nataka ukione."

Tulikwenda sote Jumamosi. Kulikuwa na majumba marefu ya kuanikia, na chini ya sakafu zake matreyi makubwa ya mbao yaliyojaa kakao. Asubuhi yalivutwa nje juani. Mvua ikitishia yalisukumwa ndani. Na yalipita juu ya reli. Reli mbili za chuma, zina kutu pembeni na kung'aa juu, kama reli yoyote duniani, ila zilianzia ukutani na kuishia kwenye majani. Baba alipiga goti, akaweka kiganja juu ya chuma. Alikaa hivyo hata Misi Enid akageuka pembeni, akajifanya anatafuta leso.

Alianza kazi Jumatatu. Wenzake walimfundisha kuingia ndani ya treyi bila viatu na kuigeuza kakao kwa nyayo, naye akawafundisha kupaka grisi magurudumu. Walimwita Dereva. Jioni ya siku ile alirudi ananuka siki na jua, nyayo zimekuwa kahawia. Mama alimwahi mlangoni.

"Pole na kazi, Baba Mwanaidi."

Baba alisimama kizingitini. "Nimeshapoa," alisema.

Tulikaa miaka kadhaa. Kisha Mama akapata kazi Kanada, tukahamia Toronto, kwenye ghorofa za barabara ya Dixon ambako ndege hupita karibu na dirisha. Baba alifanya kazi kwenye ghala, akazeeka, na mwaka juzi tulimzika hapa hapa, ardhi ikiwa ngumu kwa barafu. Baada ya arobaini, mimi na Mama tulikuwa tunakunja nguo zake za kugawa. Nikamkumbusha, kwa kucheka, siku Baba alivyokuja shule akikimbia na viatu vya bata.

Mama hakucheka. "Siku ile alikuwa anarudi Tanga," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Pasipoti yake haikuwepo kabatini, wala tiketi yake ya kurudia. Nilikaa kitandani hata sare nikashindwa kuvua. Halafu nikasikia honi yako inapanda kilima."

"Hukumwuliza?"

"Ningemwuliza nini?" alisema Mama, akilainisha kola ya shati. "Alikuwa amesharudi." Baadaye kidogo akaongeza, "Aliniambia mwenyewe, miaka mingi imepita, humu humu Toronto. Alifika uwanja wa ndege, hadi kwenye dirisha la kukaguliwa tiketi. Ndipo akakumbuka kwamba hakumwambia mtu yeyote akuchukue shule."

Mtoto hudhani mzazi yupo kama ukuta ulivyopo. Miaka yote hii nimekililia kisiwa kile kana kwamba kilikuwa chetu sote sawasawa, mimi na Baba, na kumbe asubuhi zile nilizokuwa na furaha kuliko zote ndizo zilizokuwa zinammaliza. Alibaki kama mtu anavyobaki wodini kando ya kitanda cha mgonjwa wake, bila kujiuliza kama anapapenda. Pengine baadaye, pale shambani, alipapenda kweli. Natumaini hivyo. Lakini si jambo nililomwuliza, na Mama anasema hajui. Ningependa kukaa naye jioni moja tu, televisheni inaongea peke yake, bila kumtazama usoni, nimwulize.