Neno Nililomwambia Haji Siku ya Helikopta

Siku ya mwisho ya ile helikopta naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Harusini nilifunikwa gubigubi, sikuona kitu. Siku ile niliona yote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mimi ni mtoto wa mjini, Ng'ambo, nikaolewa shamba, kusini, kijiji kilichopakana na msitu. Mume wangu Haji alikuwa akifanya kazi ya magogo. Miti mikubwa ya mitondoo ilikatwa ndani kwenye majimaji, pasipoingia lori, basi ikakodiwa helikopta iyanyanyue magogo na kuyaleta uwanjani kando ya barabara. Haji ndiye aliyeyafunga kwa kamba za chuma. Msimamizi wao alikuwa Mzee Makame, baba yake mzazi. Mimi na wanawake wenzangu wawili tukiwapikia.

Mzee Makame alikuwa na sharti moja, akilirudia kila asubuhi mpaka tukawa tunamwigiza: mashine ikiwaka, hasogei mtu. Nyuma ndiyo kabisa, kwa sababu lile panga dogo la mkiani huzunguka kasi hata halionekani. Haji alilishika sharti lile. Chai yake aliiacha ipoe kuliko kuvuka uwanja kabla mapanga hayajasimama. Wenzake wakimcheka, na mimi mke wake nilikuwa nikicheka nao.

Siku hiyo kazi ilikwisha. Rubani, mgeni mmoja mpole asiyejua Kiswahili zaidi ya shikamoo, akiwaamkia nayo hata watoto, aliaga akapanda. Mimi nilikuwa nimemtayarishia kikapu: mkate wa kumimina, machungwa, na karafuu kidogo kwenye kitambaa. Mkate ulinichelewesha kwa kuwa nilitaka upoe vizuri. Nilipofika uwanjani, mashine ilikuwa imeshawaka. Nikashikwa na haya. Mgeni amekula kwangu miezi mitatu, aondoke mikono mitupu? Watu wangesema mke wa Haji hajui wageni. Nilitaka sifa, mwanangu, sikufichi.

Nikamwambia Haji ampelekee. Akanijibu kwamba gari lilikuwa linakwenda mjini, na rubani atalala huko, basi kikapu kitamkuta. Lilikuwa neno la akili kabisa. Lakini wenzake walikuwa wanatutazama, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Hata leo haujawa mzito sana.

"Kumbe mume wangu anaogopa feni," nikasema.

Wakacheka. Haji hakucheka. Alikichukua kikapu mkononi mwangu, akainama, akaenda kwa mbele kama inavyotakiwa, akampa rubani, wakashikana mikono. Nikafurahi. Wakati anarudi, upepo wa mapanga ukamvua kofia. Ilikuwa kofia ya viua niliyomshonea mwenyewe kwa miezi mitano, naye akiivaa mpaka msituni, nami nikimgombeza. Ikabiringika kuelekea nyuma ya mashine. Haji akageuka akaifuata.

Mzee Makame alipiga kelele, na mimi nilipiga kelele. Kwa mlio ule hatukusikika. Lile panga la mkiani lilimpiga, na hospitali hakufika. Tulimzika siku ile ile.

Nilikaa eda katika nyumba yetu, ua mmoja na baba mkwe. Kila siku nilingoja anilaumu. Akiniletea samaki, akiniletea muhogo, akiniuliza hali, basi. Kunyamaza kwake kulinitesa kuliko matusi. Mpaka asubuhi moja nilipomwamkia, akaitikia marahaba, kisha asiondoke. Akakaa kwenye mkeka.

"Mize," akaniita.

"Naam, baba."

"Zawadi ilikuwa ya heri, sikulaumu. Ya kofia ni ya upepo, na siku ya mtu iko kwa Mungu. Lakini mwanangu alikuwa anajua lililo sawa, wewe ukamtia haya kwa kulijua. Hilo nnakulaumu, na nshakusamehe. Usimfanyie mtu tena."

Hakulirudia mpaka alipokufa.

Nimerudi Ng'ambo siku nyingi. Posa zilikuja, kila aliyekuja nilimpima kwa Haji, hakufika hata mmoja. Nikipita kwa maseremala, harufu ya mbao mbichi hunipunguza mwendo, maana Haji alikuwa akirudi nayo nyumbani hata ajikoshe kwa ndimu. Wakati mwingine husimama pale nikajifanya nauliza bei ya stuli. Namtamani, mwanangu. Mimi nimekuwa bibi na yeye amebaki kijana wa miaka ishirini na sita, na bado namtamani.

Basi nikuusie. Mtu wako akikwambia ngoja, kwa kazi anayoijua yeye, ngoja naye, hata kama ulilobeba mkononi ni jambo jema. Akiogopa linalostahili kuogopwa, usimcheke. Wenzake wakimcheka atavumilia, Haji alivumilia miezi mitatu. Cheko lako wewe unayempenda ndilo asiloliweza, atakwenda hata asipotaka kwenda, ili tu uache kucheka.

Mwenyezi Mungu akujaalie mwenza mwenye hadhari, akukinge na ulimi wako mwenyewe, na akupe jioni nyingi, nyingi sana, za kumlalamikia kwamba amechelewa kurudi.